Stoo ya Babu: Tuibomoe, au Tuwakaribishe Wageni Ndani Yake?



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu, na vijana wetu mlioko vyuoni, leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotushughulisha ndani ya familia yetu, na ambalo tunaamini linazigusa familia nyingi zenye shamba la urithi kijijini.

Sisi ni ukoo wa hapa Mbale, na baadhi yetu wanaishi Kampala na Jinja. Babu yetu alikuwa mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Sipi, wilaya ya Kapchorwa. Alituachia shamba, nyumba, na nyuma ya nyumba stoo ya kahawa yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Msingi wake ni wa mawe, kuta ni za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, na paa ni la mabati. Kwa miaka mingi stoo hiyo haina kazi. Ndani mna majembe yasiyo na mipini, magunia yaliyooza, na popo.

Siku ya pili ya Idd tulikutana wote shambani. Baada ya chakula vijana wetu wakatoa fikra yao: stoo ibomolewe, tuchukue mkopo benki, na tujenge jengo la ghorofa lenye vyumba 8 vya kulala wageni. Walisema watalii wanakuja kuyatazama maporomoko ya maji ya Sipi, nasi tumekalia kiwanja bure. Michoro walikuwa nayo tayari kwenye simu. Wengi wetu tuliitikia kwa vichwa. Ndipo shangazi yetu mkubwa, aliyekuwa amekaa kimya mkekani akichambua maharage, akauliza: "Hiyo mnayotaka kuibomoa ni ya nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Babu alifariki zamani, na hadi siku ile mali yake ilikuwa haijagawanywa.

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Rai yetu, baada ya mazungumzo mengi na baada ya kuwasikiliza mafundi na wazee, ni hii: stoo kuukuu ambayo bado ni imara isibomolewe. Itengenezwe iwe malazi ya wageni, kwa vifaa vilivyopo, kwa kadiri ya mfuko wetu, na baada ya kila mwenye haki kupata haki yake. Wanaodhani kuwa huu ni woga wa maendeleo, tunawaomba watusome mpaka mwisho.

Kwa nini stoo hizi zimebaki tupu?

Ni vyema tuanze hapa, kwani watoto wetu wengi hudhani kuwa stoo imekufa kwa uvivu wa wazee. Sivyo. Kahawa ya Arabika ilivunwa, ikamenywa, ikaoshwa na kukaushwa, kisha ikakaa ndani ikisubiri kupelekwa kwenye chama cha ushirika. Serikali ilikuwa na bodi yake iliyoshika biashara ya kuuza kahawa nchi za nje. Mwaka 1991 biashara hiyo ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Wanunuzi wakaanza kuja wenyewe mpaka shambani na fedha mkononi, na wengi wao wakichukua kahawa ikiwa bado mbichi. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa hana sababu ya kungoja. Basi ndiyo hivyo, stoo ikapoteza kazi yake, ingawa jengo lenyewe halikuwa na kosa lolote.

Na jengo lile lilijengwa kwa akili. Kuta nene za udongo hupoa mchana na kutunza joto la usiku, na usiku wa Elgon una baridi kali. Sakafu ya mbao iliinuliwa ili unyevu usipande. Aliyejenga mahali pa kutunza kahawa isiharibike, bila kujua alikuwa amejenga mahali ambapo binadamu anaweza kulala vizuri.

Kwanza haki, kisha saruji

Ndugu zetu, hili tunaliweka mbele kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapoharibikiwa. Tunajua sote utaratibu wa dini yetu: mtu akifariki, hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wasia wake usiozidi theluthi, kisha warithi hupewa mafungu yao. Lakini la kusikitisha ni kwamba huko vijijini mali hukaa miaka 20 au 30 bila kugawanywa, na yule mwenye sauti kubwa hujifanya mwenyewe. Aghlabu wanaosahauliwa ni mashangazi na watoto wao, kwa kisingizio kwamba wameolewa mbali.

Maadamu stoo haina thamani, hakuna anayeuliza. Ikianza kuingiza fedha za wageni, kila mtu atakumbuka fungu lake, na hapo udugu utaingia mashakani. Kwa hiyo tunapendekeza familia ikae chini kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Njia zipo. Ya kwanza ni kugawanya, kisha anayetaka kuendesha malazi awalipe wenzake kodi kwa mafungu yao. Ya pili ni ushirika: anayefanya kazi alipwe ujira wake kwanza, kisha faida igawanywe kwa mafungu. Ya tatu ni kwa wale wanaopenda kuweka fungu lao wakfu, kwa mfano kwa ajili ya ada za watoto wa ukoo. Lakini mtu huweka wakfu lililo lake tu, si la dada yake. Njia yoyote mtakayoichagua, iandikwe, isomwe mbele ya wote, na mashahidi watie sahihi.

Sisi tulimaliza jambo hili kwa vikao vitatu, na wakati mwingine kwa machozi. Tulichagua ushirika. Shangazi yetu mkubwa sasa ndiye anayetunza daftari.

Jengo lililokwisha kusimama

Ama kuhusu kujenga upya, tuangalie gharama ambayo haionekani kwenye michoro. Matofali ya kuchoma tunayoyaona kando ya barabara zetu huchomwa kwa kuni, tena kuni nyingi. Nyumba ya ghorofa inahitaji maelfu ya matofali hayo, na miti inayokatwa ni ile inayoshikilia udongo wa milima yetu. Saruji na nondo nazo hutoka mbali kwa lori. Wakati huo huo, kuta za stoo zimekwisha kusimama, na hazitudai chochote zaidi ya kutazamwa vizuri. Dini yetu imetukataza israfu. Kubomoa kitu kizima ili kujenga kingine kwa deni, sisi hatuoni jina jingine la kukiita kitendo hicho.

Mahali tutakapohitaji ukuta mpya, kwa mfano wa bafu, ipo njia ya matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Udongo wa hapo hapo huchanganywa na saruji kidogo, tofali hushindiliwa, kisha hukauka bila kuchomwa. Njia hii si ngeni Uganda, na mafundi wanaoifahamu wapo.

Mafundi wema walitufundisha pia mambo yafuatayo, nasi tunayafikisha kwenu:

1. Usianze na rangi. Ingia ndani ya stoo siku ya mvua kubwa, usimame utazame. Panapovuja, panapolowa na panapotuama maji nje, hapo ndipo fedha ya kwanza iende. Ukuta wa udongo wenye paa zima juu na msingi mkavu chini huishi miaka mingi.

2. Usiupige ukuta wa udongo plasta ya saruji. Unyevu huingia tu, iwe kutoka ardhini au kwenye ufa. Kwenye plasta ya udongo na mchanga, au ya chokaa, unyevu huo hutoka taratibu. Saruji huufungia ndani, udongo hulainika nyuma yake, na siku moja plasta huanguka pamoja na kipande cha ukuta.

3. Wengi kijijini huchanganya kinyesi cha ng'ombe kwenye plasta. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunaifuata, hiyo ni najisi, na chumba cha wageni ni chumba cha kuswalia pia. Nyasi kavu zilizokatwakatwa hufanya kazi hiyo hiyo ya kuzuia nyufa.

4. Kumbukeni kwamba stoo za kahawa ziliwekwa pia dawa za kunyunyizia mimea. Fungeni pua na mdomo mnaposafisha, toeni udongo wa juu na mbao zilizolowa dawa, na msizichome wala kuzipikia. Watoto wasiwepo siku hiyo. Tahadhari hiyo hiyo ni ya kinyesi cha popo.

5. Mbao nzima zisitupwe. Sisi tulizigonga moja moja, na zile ambazo mchwa hakuzigusa zimegeuzwa kuwa vitanda na milango.

Na msidhani kwamba kijijini hakuna sheria. Tangu sheria ya mipango ya mwaka 2010, Uganda nzima ni eneo la mipango, na sheria ya udhibiti wa majengo ni ya mwaka 2013. Mwone afisa wa wilaya kabla ya kubadilisha matumizi ya jengo, si baada ya kupigwa muhuri mwekundu ukutani.

Maji, choo na mteremko

Paa ni chemchemi, kama tungejua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Stoo yetu ina mita 60 za mraba. Katika mwaka wenye mvua ya milimita 1,500, jambo ambalo si geni kwenye miteremko hii, hizo ni lita 90,000. Tukipoteza moja ya tano, bado tutabaki na lita 72,000. Wageni wanne wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, ni lita 200. Tangi la lita 10,000 likijaa litawatosha siku 50 za kiangazi. Basi kina mama na watoto wa jirani hawatapangishwa foleni kisimani kwa sababu ya mgeni wetu. Tunaona hii ni haki ya jirani kabla ya kuwa suala la mazingira.

Kuhusu choo, wataalamu wa mazingira hupendekeza choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi, ambacho hakitumii maji na hutoa mbolea. Ni kizuri, lakini Muislamu hustanji kwa maji, na maji yakiingia kwenye shimo kavu huliharibu. Suluhisho si kuacha choo hicho wala kuacha maji. Ni kutengeneza sehemu ya tatu, yenye mfereji wake, ya kustanjia, na maji yake yaelekezwe kwenye shimo la changarawe mbali na kisima. Mwelezeni fundi mapema, maana wengi wao hawajui haja hii.

La tatu ni mteremko wenyewe, na hapa hatuna mzaha. Sote tunakumbuka Machi 2010, pale kijiji cha Nametsi huko Bududa kilipofukiwa na udongo na mamia ya watu wakapoteza maisha. Bududa ikaliliwa tena Oktoba 2018, na Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, majirani zetu kabisa. Tunawaombea marehemu wote rehema. Basi kabla ya kuwaza wageni, tembeeni juu ya stoo, si mbele yake tu. Kuna nyufa ardhini? Miti imeinama? Maji ya mvua yanapita wapi? Ikiwa ardhi yenyewe inasogea, au kuta zimepasuka kuanzia msingi, jibu letu linageuka: hamisheni mabati na mbao, pandeni miti, na msimlaze mtu pale, awe mgeni au mwenyeji. Si kila stoo inafaa kuokolewa. Na hata pale palipo salama, kuchimba mlima ili kupata kiwanja cha ghorofa ni kuukata mteremko mguu. Hiyo ni sababu nyingine ya kubaki na jengo lililopo.

Mkopo na ukubwa wa ndoto

Vijana wetu walisema: "Bila mkopo hatutafika popote." Tunawaelewa. Lakini mbali na suala la riba, ambalo hukumu yake mnaijua, tulimwomba kila mmoja akumbuke mwaka 2020. Mwezi Machi mipaka ilifungwa kwa ajili ya korona, na uwanja wa ndege wa Entebbe haukufunguliwa tena kwa abiria wa kawaida hadi Oktoba. Mgeni alikoma kuja siku moja, lakini deni halikukoma. Stoo isiyo na deni ingefungwa kufuli na kungoja. Jengo la mkopo haliwezi kungoja.

Wanaohitaji mtaji watambue pia kuwa milango imeanza kufunguka. Sheria ya kuruhusu benki za Kiislamu Uganda ilipitishwa mwaka 2016, na benki ya kwanza ya aina hiyo ilipata leseni Septemba 2023. Hata hivyo, sisi tumeamua kwenda hatua kwa hatua: msimu huu paa na mifereji, msimu ujao chumba kimoja na choo, kisha fedha ya chumba hicho ndiyo itakayojenga cha pili.

Mgeni wetu ni nani?

Baadhi ya wazee waliogopa kuwa wageni wataleta pombe na mavazi yasiyostahili hadi mlangoni petu. Hofu hiyo ni ya haki, na haiondoki kwa kuibeza. Lakini mwenye nyumba ndiye mwenye masharti. Tutaandika wazi, kabla mgeni hajalipa, kwamba hapa hapanyweki pombe na kwamba hii ni nyumba ya familia. Asiyeridhika ataona nyumba nyingine. Madirisha tumeamua yatazame bondeni badala ya uani, na njia ya wageni ipite upande wa shamba, ili kina mama wawe na faragha yao.

Tena tusisahau kwamba wageni si Wazungu tu. Wapo Waislamu wa Kampala, Nairobi na Kigali wanaotafuta mahali pa kupumzika na watoto wao, penye chakula cha halali, maji ya udhu na kibla kinachojulikana. Wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu hapa Mbale ambao wazazi wao huja kuwatembelea. Kwa hawa, chumba cha udongo chenye utulivu ni bora kuliko hoteli yenye baa chini.

Na mgeni atafanya nini siku nzima? Ataenda kuyaona maporomoko, kisha atarudi kutaka kujua kahawa inatoka wapi. Huko Sipi vijana tayari huwatembeza wageni mashambani, wakawaonyesha kuchuma, kukaanga na kutwanga kwenye kinu. Kwetu atasikia hayo akiwa ndani ya stoo yenyewe. Tukiibomoa tutakuwa na vyumba 8 vinavyofanana na vyumba vya kila mji, na tutabaki kumwonyesha picha.

Neno kwa vijana wetu

Mlituambia kwamba vyumba viwili havitamtajirisha mtu. Ni kweli, havitamtajirisha. Lakini vinaweza kulipa ada ya mtoto mmoja, kumpa kazi binamu yenu aliyebaki kijijini, na kumfanya babu yenu mdogo asiuze kipande kingine cha shamba kila mwezi wa ada unapofika. Sisi tuliowazidi umri tunakiri kosa letu: tuliiacha stoo ioze na mirathi ilale, kisha tukawashangaa ninyi kwa kutaka kubomoa. Michoro yenu hatuitupi. Akili ile ile iliyochora ghorofa tunaiomba ituchoree mifereji ya maji, mahali pa sola, na choo chenye sehemu tatu.

Ndugu wasomaji, likizo ijayo mtakapokwenda kijijini, msiishie sebuleni. Chukueni watoto, mfungue mlango wa stoo ile, mguse ukuta, mtazame paa. Kisha mrudi mkekani mwaulize wazee, mashangazi wakiwemo, swali lile lile tulioulizwa sisi: hii ni ya nani? Mkishapata jibu ndipo mmwite fundi.

Tunamuomba Allah atujaalie tuwe wenye kutunza tulichoachiwa, na atuepushe na ugomvi wa mali. Amin.

Wabillahi tawfiq.